Kompyuta ya Katikati Ambayo Viwanda Havikuitaka

Pamba ikishauzwa Simiyu, harusi huanza. Kuanzia Juni hadi Septemba mpiga video wa Bariadi hulala kwa kuiba: Jumamosi yuko ukumbini, Jumapili yuko kijijini kwenye ngoma, na Jumatatu asubuhi bwana harusi ameshapiga simu mara mbili kuulizia video yake. Kamera imerekodi saa sita. Mezani kuna Dell OptiPlex 9020 ya umbo dogo, mtumba uliomaliza utumishi wake katika ofisi fulani ng'ambo. Kazi iliyowekwa kurenda, yaani kugeuzwa kuwa video kamili, tangu alfajiri imefika asilimia 14.

Safari inayofuata ni ya kwa fundi. Hapa, kama kwingineko nchini, sanduku lote la kompyuta huitwa "CPU", ingawa CPU yenyewe ni kipande kinachoenea kiganjani. Fundi hahitaji bisibisi. Anavuta kitasa kimoja, kifuniko kinatoka, na ndani kila kinachoruhusiwa kuguswa kina kishikio cha plastiki ya bluu. Dell walibuni vizuri. Tatizo linaonekana akigeuza pawa saplai na kusoma kibandiko: wati 255. Waya unaoingia kwenye bodi una pini nane badala ya zile 24 za kawaida, kwa hiyo pawa saplai kubwa ya dukani haiingii mpaka itafutwe adapta. Nafasi za kadi ziko mbili, zote za kadi fupi.

"Fundi, si unaniongezea tu grafiki kadi?"

"Kaka, nafasi ipo. Umeme ndio haupo."

Mashine hiyo, iliyotoka kiwandani mwaka 2013, ilibuniwa kwa ajili ya mtu anayeandika barua, kujaza majedwali na kufunga ofisi saa kumi jioni. Kampuni hiyohiyo ilikuwa na mashine ya mhandisi na mashine ya mcheza gemu tajiri. Aliyesimama katikati, mwenye kazi nzito na mfuko mwepesi, hakuwekewa sanduku lake. Pengo hilo lina historia ndefu, na mfano wake mashuhuri hautoki Dell bali Apple.

Steve Jobs alirudi Apple mwaka 1997 akakuta kampuni ina utitiri wa modeli ambazo hata wauzaji walishindwa kuzitofautisha. Akachora mraba wa vyumba vinne: ya mezani na ya kubeba, ya mtu wa kawaida na ya mtaalamu. Basi. Kwa muda mraba ule ulimtosha hata mpenda kompyuta wa kipato cha kati. iMac ya 1998 iliuzwa dola 1,299. Power Mac G3 ya Januari 1999, lile sanduku la bluu na nyeupe, ilianzia dola 1,599. Tofauti ilikuwa dola 300, na aliyeziongeza alipata mashine ambayo ubavu wake ulifunguka kama mlango, bodi nzima ikalala mezani, akachomeka kadi na RAM kwa raha zake.

Kisha ngazi ikaanza kung'olewa vipandio. Power Mac G5 ya 2003 ilianzia dola 1,999. Mac Pro ya 2006 iliuzwa dola 2,499, ile ya 2013 yenye umbo la silinda nyeusi ikaanzia 2,999, na ya Desemba 2019 ikaruka hadi 5,999, bila skrini. Chini kabisa kulikuwa na Mac mini, iliyoanza mwaka 2005 kwa dola 499 ikiwa na viungo vya kompyuta ya kubebeka. Katikati palibaki iMac peke yake, na iMac huja na skrini utake usitake. Prosesa ikizeeka, skrini nzuri inazeeka nayo.

Apple walijaribu kulijaza pengo hilo mara moja, wakajikwaa. Julai 2000 walitoa Power Mac G4 Cube, mchemraba mzuri uliofunikwa kwa plastiki angavu, usio na feni. Bei yake ilikuwa dola 1,799, juu ya Power Mac ya chini kabisa ya wakati huo, ilhali nafasi za kadi za ziada haikuwa nazo. Mnunuzi wa kati akapiga hesabu, akaondoka. Baada ya mwaka mmoja Cube ikasimamishwa, na kwa zaidi ya miaka 20 kampuni haikuweka kitu kingine mahali pake.

Kwa nini? Hesabu yenyewe haijifichi. Mtu anayenunua sanduku linalofunguka hulikalia miaka kumi. RAM atainunua kwingine, diski kwingine, kadi kwingine, na skrini ya zamani ataendelea nayo. Kila mteja wa namna hiyo ni mteja mmoja pungufu wa iMac mpya. Kiwanda kinachoishi kwa kuuza sanduku zima hakina sababu ya kumtengenezea mtu ngazi ya kumkimbia.

Wateja hawakukaa kimya. Mwaka 2008 kampuni ndogo ya Florida, Psystar, ilianza kuuza kompyuta za kawaida zilizowekewa mfumo wa Mac, bei zikianzia karibu dola 400. Apple wakaishtaki mwaka huohuo, na mwishoni mwa 2009 mahakama ya California ikaipiga marufuku. Wengine walijiundia wenyewe nyumbani, wakiziita Hackintosh. Mac mini nayo iliachwa kati ya 2014 na 2018 bila kuguswa, na toleo hilo la 2014 lilikuja na RAM iliyolehemewa kwenye bodi na bila prosesa ya viini vinne iliyokuwamo awali. Aprili 2017 wakubwa wa Apple waliwaita waandishi wachache na kukiri kwamba silinda yao ya 2013 ilikuwa imefika ukingoni: joto la kadi mpya halikuwa na pa kutokea. Mac Studio ya Machi 2022, dola 1,999, hatimaye ilikalia kiti cha katikati. Lakini RAM unayoinunua nayo siku ya kwanza ndiyo utakayozeeka nayo.

Dell na HP hawakuwa na mraba wa vyumba vinne. Walikuwa na nyumba yenye vyumba vingi mno, ila milango baina yake ilifungwa. Dell walianza OptiPlex ya maofisini mwaka 1993 na Precision ya wahandisi mwaka 1997. Mwaka 2006 walinunua Alienware, na mwaka huohuo HP wakanunua VoodooPC, zote mbili kampuni za mashine za gemu za bei mbaya. Sanduku la ofisi likabaki na pawa saplai ndogo na waya za kipekee, sanduku la gemu likawa na taa na bei yake. Baadaye yalikuja majaribio ya kati, kama HP Pavilion Gaming, lakini hayo yaliuzwa rejareja kwa mtu mmojammoja. Na hapo ndipo Bariadi inapoingia, kwa sababu mzigo unaofika huku hautoki sebuleni kwa watu. Hutoka maofisini, ambako kompyuta hununuliwa mamia kwa pamoja na kutupwa mamia kwa pamoja.

Kabla ya mtumba, hata hivyo, mlango ulifungwa na serikali yenyewe. Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania, ICT 1500, iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka michache baadaye Hazina ilihamishia hesabu zake kwenye mashine kubwa zaidi za ICL za Uingereza, na mradi ule ukaenda mrama: hesabu zikavurugika, fedha nyingi zikaishia kwa wataalamu wa kigeni, na makarani wakarudishwa kwenye daftari. Mwaka 1974 ikatoka amri ya kuzuia uingizaji wa kompyuta na televisheni Tanzania Bara. Aliyezihitaji aliomba kibali maalumu. Wakati huo Zanzibar ilikuwa inazindua televisheni ya rangi, ya mwanzo kusini mwa Sahara. Bara ikasubiri hadi miaka ya tisini.

Kwa hiyo ule muongo ambao vijana wa kwingineko walikuwa wakifungua masanduku ya kwanza ya IBM na kujifunza kwa kuharibu, Bariadi ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Shinyanga yenye pamba, ng'ombe na mashine za kuchapa. Marufuku ilipolegea, kompyuta zilianzia Dar es Salaam, zikafika Mwanza, na huku zikafika mwisho. Mwaka 2005 ushuru wa pamoja wa forodha wa Afrika Mashariki uliziweka kompyuta kwenye asilimia sifuri. Mwaka 2012 ukazaliwa Mkoa wa Simiyu, wenye wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, makao yake yakiwa Bariadi. Mkoa mpya maana yake ni ofisi mpya, na ofisi zinataka kuchapa, kutoa nakala na kuskani. Lami ya kilomita 72 hivi kutoka Bariadi hadi Lamadi ikaunganisha mji na barabara kuu ya Mwanza na Musoma, na masanduku yakaanza kushushwa kwenye mabasi yakiwa yamefungwa kwa blanketi.

Ndani ya mzigo huo mafundi waliligundua pengo, na waliligundua kwa mikono. Waliona OptiPlex inafaa stesheneri lakini inamkimbia mtu wa video. Njia ya kwanza ilikuwa ya wati 75. Hicho ndicho kiasi cha umeme ambacho nafasi ya kadi kwenye bodi inaweza kutoa bila waya wa ziada, na Nvidia GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 haizidi hapo. Ipo hata ya umbo fupi. Kadi moja, isiyo na waya wowote, ikageuza sanduku la karani kuwa sanduku la harusi.

Njia ya pili ni kushuka kutoka juu badala ya kupanda kutoka chini: kununua mashine ya mhandisi iliyostaafu. HP Z420 na Dell Precision T3600, zote za 2012, zilikuwa nje ya uwezo wa mtu wa kawaida zilipotoka. Zikishamaliza mkataba wa ofisi, bei yake inaporomoka. Z420 ina nafasi nane za RAM, pawa saplai yake ni ya wati 400 au 600, na waya za kadi zinaning'inia ndani zikisubiri. Ni nzito kama debe la mahindi, na vumbi la kiangazi la Usukuma hujaa kwenye feni zake kwa wiki chache tu.

Ila ina mtego wake. Prosesa zake za Xeon E5 hazina grafiki ya ndani, kwa hiyo hazina ile sehemu maalumu ya kusoma na kuandika video ambayo Intel waliiweka kwenye Core i5 na i7 tangu 2011. Mtu huuza OptiPlex yake, ananunua "mashine ya kihandisi" yenye viini sita, anaiwekea kadi ya kizamani, kisha anashangaa video ya saa moja inachukua muda uleule. Dawa ni kadi ya Nvidia yenye kazi hiyo ndani yake. Juu ya hayo, prosesa peke yake yaweza kula wati 130, nayo ni mashine isiyo na betri. Umeme ukikatika katikati ya kazi bila UPS, kesho unaanza upya.

Oktoba 14, 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10, na Windows 11 kwenye prosesa za Intel inadai kizazi cha nane na kuendelea. Ofisi za Ulaya na Marekani zimelazimika kutoa mashine nyingi za kizazi cha sita na cha saba zenye afya kabisa. Kwa mpiga video wa Bariadi hiyo ni neema kwa sasa: masanduku yanafunguka, yana nafasi ya kadi, bei imeshuka.

Nyuma yake unakuja mzigo wa namna nyingine. Mwaka 2012 Lenovo walitoa ThinkCentre M92p Tiny, sanduku la ujazo wa lita moja hivi. Mwaka 2014 Dell wakafuata na OptiPlex 9020 Micro, namba ileile iliyoko mezani kwa mpiga video wetu, lakini pawa saplai yake ni chaja ya nje kama ya laptop na nafasi ya kadi ya grafiki haimo. Ofisi zimezipenda, kwa kuwa zinajificha nyuma ya skrini na zinatumia umeme kidogo. Jina la OptiPlex lenyewe Dell walilizika Januari 2025. Hizo ndogo ndizo zimeanza kujaza makasha ya mtumba, na fundi akivuta kitasa safari hii hakuna wati 75 za kuhesabu.