Ndege Aliyeangukia Majini: Historia ya Hukumu Moja ya Uwindaji

Sifa njema zote anastahiki Allah (s.w.), aliyetuhalalishia vilivyo vizuri na kutuharamishia vilivyo vibaya. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na maswahaba zake.

Ndugu msomaji, Mto Mara unatoka Kenya, unapita katika mbuga ya Serengeti, kisha unateremka kati ya wilaya za Tarime na Serengeti hadi Ziwa Viktoria. Kwenye maji yaliyotuama na mafunjo ya bonde lake huonekana bata maji, wakiwemo wale wanaojitafutia chakula kwa kuzama. Anayeanza kujifunza kuwinda bata wa namna hii, popote pale duniani, hufundishwa kujificha na kutulia, kueleza sanamu za bata juu ya maji ili bata wapitao wadhani wenzao wametua kwa salama, kisha kulenga. Swali moja husahauliwa: bata aliyeokotwa majini amekufa, ameuawa na nini?

Swali hili si geni. Mwaka wa 9 Hijria, kwa kauli mashuhuri, alisilimu Adiyy bin Hatim (r.a.), mkuu wa kabila la Tayy na mwana wa Hatim aliyesifika kwa ukarimu. Adiyy alikuwa mwindaji hodari kabla ya Uislamu. Hakuwa mwanafunzi wa mbwa wala wa mishale, bali mwanafunzi wa halali na haramu. Akamwendea Mtume (s.a.w.) na kuuliza jambo moja moja. Majibu aliyopewa yamepokewa na Bukhari na Muslim, na ndiyo msingi wa mlango wa uwindaji hadi leo.

Alifundishwa kwamba mbwa aliyefunzwa, akitumwa kwa jina la Allah, alichokamata ni halali. Lakini mbwa akila katika windo lile, asile yeye, kwa kuwa huenda mbwa alijikamatia mwenyewe. Akikuta mbwa mwingine ameshirikiana na wake, aache, kwani jina la Allah alilitaja kwa mbwa wake tu. Kilichopigwa kwa ncha kaliwe, na kilichopigwa kwa ubapa kiachwe. Na windo likikutwa limezama majini lisiliwe, kwa sababu mwindaji hajui kama limeuawa na maji au na mshale wake.

Tazama jinsi mafunzo haya yanavyorudi kwenye jambo moja: sababu ya kifo ijulikane. Sababu ya halali ikichanganyika na sababu nyingine, na mauti yasijulikane yametokana na ipi, windo huachwa.

Wanazuoni wa Kishafi, ambao madhehebu yao ndiyo yaliyoenea Afrika Mashariki, waliichambua hukumu hii kwa ndege wa majini. Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) ameeleza katika Rawdha kwamba ndege aliyekuwa juu ya maji akapigwa na kufa papo hapo ni halali, kwani maji kwake ni kama ardhi. Aliyepigwa akiwa nje ya maji kisha akayaangukia, wanazuoni wana kauli mbili. Imam Baghawi (aliyefariki mwaka 516 Hijria) alitofautisha hata mahali anaposimama mpigaji: ndege akiwa angani juu ya bahari, mpigaji aliye nchi kavu si sawa na aliye chomboni. Yote haya ni pale jeraha lenyewe halijammaliza. Likiwa limekwisha kumfikisha hali ya kuchinjwa, maji hayadhuru.

Sasa mfikirie bata mzamiaji. Akijeruhiwa, tabia yake ni kupiga mbizi na kujificha chini ya magugu. Akiibuka maiti baada ya muda, huyu si yule aliyefia juu ya maji. Shaka ya Adiyy imerudi palepale. Anayejifunza basi na ajue kwamba kumwahi ndege akiwa hai na kumchinja ni bora kuliko kuwa na shabaha, hasa ikikumbukwa kwamba wanazuoni walikhitilafiana kuhusu risasi. Imam Shawkani (aliyefariki mwaka 1250 Hijria) aliona inatoboa na kuhalalisha, na wengine wakaihesabu kuwa ni pigo la kuponda.

Ama vivutio, Ibn Qudama (aliyefariki mwaka 620 Hijria) ametaja kuchukiwa kwa kutumia ndege hai aliyeshonwa macho au kufungwa ili awavutie wenzake, kwa kuwa ni kumtesa kiumbe, ingawa windo lenyewe haliharamiki. Na anayeogopa khilafu ya sanamu zenye umbo kamili, fungu la mafunjo lisilo na kichwa linamtosha.

Turudi Mara. Waikoma, Wanata, Waisenye na Wangoreme ni watu wenye historia ndefu ya uwindaji. Zana zilizozoeleka ni tanzi, shimo, mshale wa sumu na mbwa. Zipime kwa Suratul Maida, aya ya 3 na ya 4. Aliyenyongwa na tanzi na aliyefia shimoni wametajwa katika vilivyoharamishwa, isipokuwa wakiwahiwa na kuchinjwa. Aliyekufa kwa sumu na mshale pamoja ana shaka ileile ya aliyezama. Mbwa naye ana masharti yake.

Hapa pana amana nzito. Mwenye kusilimu katika vijiji hivi huja, kama Adiyy, na ujuzi wa porini alioupata kwa wazee wake. Naye mnunuzi wa nyamapori haambiwi mnyama alikufaje. Hadithi ya Bi Aisha (r.a.) inayoruhusu kutaja jina la Allah na kula inahusu nyama iliyochinjwa na Waislamu. Haihusu mzoga wa tanzi unaojulikana.

Tena kuna haki ya umma. Serengeti ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1951, na Ikorongo na Grumeti zikawa mapori ya akiba mwaka 1994. Sheria Na. 5 ya mwaka 2009 inataka kibali kwa kila anayewinda. Wapo wenyeji wanaoyakumbuka maeneo hayo kama mawindo ya babu zao, na uchungu wao haufai kudharauliwa. Lakini Muislamu hufungwa na ahadi za nchi anamoishi, na chakula cha watoto hakitafutwi kwa kuivunja amana.

Maimamu wetu na wausomeshe mlango wa uwindaji kama wanavyousomesha mlango wa udhu. Adiyy aliuliza kabla ya kula, nasi tufuate njia yake.

Wallahu a'lam.