Wanawake Watatu wa Milansi

Katika nchi nyingi watu hueleza asili ya utawala wao kwa habari za mashujaa waliokuja na mikuki. Wafipa hawaelezi hivyo. Wao husimulia kwamba ukoo wa watawala wao, uitwao Twa, ulianzia kwa wanawake watatu wageni, wasio na jeshi. Habari hii yatupasa sisi wa uwanda huu, ulio kati ya ziwa Tanganyika na bonde la Rukwa, tuitazame vizuri.

Wazee hunena hivi. Hapo kale mfalme wa Milansi alikwenda kuwinda. Kabla ya kuondoka alimwagiza mkewe kwamba wakija wageni asiwape kiti cha enzi. Alipokuwa mbali, wale wanawake wakatokea, wakataka kiti. Mke akawapa, wakaketi. Mfalme aliporudi aliona jambo limekwisha, wala hakupigana. Wakapatana kwamba wageni watawale nchi, naye abaki na Milansi na mahali palipoizunguka, pamoja na heshima ya mwenyeji wa kwanza. Baadaye ukoo wa Twa uligawanyika, zikawa dola mbili, Nkansi upande wa kaskazini na Lyangalile upande wa kusini. Lakini Milansi haikufutwa. Mtaalamu Roy Willis wa Uingereza, aliyekaa Ufipa katika miaka ya 1960, aliyachunguza masimulizi hayo, na mwaka 1981 akatoa kitabu juu ya historia ya nchi hii.

Masimulizi ya namna hii si hati ya baraza, lakini hutuonyesha wahenga walivyofikiri. Tumwangalie yule mke. Watu humlaumu kwamba alivunja agizo. Lakini mwanamke aliyeolewa huacha kwao akaingia nyumba ya wengine. Yamkini yeye aliwafahamu wageni kuliko mumewe, maana naye aliwahi kusimama mlangoni pa watu. Tena tuangalie mapatano. Mwenyeji alipoteza enzi, hakupoteza heshima. Mgeni alipata enzi, hakupata haki ya kumfukuza mwenye nchi. Ndivyo wazee walivyotaka tukumbuke mwanzo wa dola yao.

Walakini si wanawake wageni wote waliopata kiti. Katika karne ya 19 misafara ya pembe na watumwa ilipita katika nchi hizi zilizo baina ya Tanganyika na Nyasa. Wanawake na watoto walitekwa, wakabadilishwa kwa nguo na bunduki. Mwaka 1993 Marcia Wright wa Marekani alitoa kitabu chenye habari za maisha ya wanawake wa nyakati zile, zilizoandikwa kwanza na wamisionari. Mmoja, Bwanikwa, Mluba, aliuzwa mara kumi kabla ya kupata uhuru. Mwingine, Chisi, alitekwa angali mtoto, akakua mbali na kwao.

Taabu yao kubwa haikuwa kazi peke yake. Mtu asiye na ndugu hana wa kumtetea barazani, wala wa kumwuliza mwuaji, “Yuko wapi?” Kwa hiyo mwanamke wa namna hiyo alitafuta ulinzi wa mume, au wa mtemi, au wa misioni. Huko Karema, ambako Mapadre Weupe waliipokea ngome ya Wabelgiji mwaka 1885, wengi walikombolewa, wakaozwa, wakaanza ukoo mpya mahali wasipokuwa na mjomba wala shangazi.

Mambo hayo hayakuisha pamoja na utumwa. Jina la mji wa Sumbawanga hufasiriwa na wengi kuwa “tupa uchawi”. Ni onyo jema likimwambia kila aingiaye aache ubaya wake nyuma. Lakini ni nani anayetazamwa kwanza uchawi unapotajwa? Mara nyingi ni mwanamke mzee, mjane, asiye na mtoto wa karibu, aliyehamia kutoka kwingine. Hata katika miaka yetu hii, hapa Tanzania, wanawake wazee wameuawa kwa shuku tupu. Waliowaua hawakuogopa kuulizwa, kwa kuwa walidhani mgeni hana mwenyewe.

Basi, ndugu wasomaji, nchi isemayo kwamba enzi yake ilitoka kwa wanawake waliokuja bila ukoo, itamwonaje mwanamke wa namna hiyo kuwa adui? Hatuambiwi tumpe kiti cha enzi. Kigoda cha barazani na majirani wa kumtetea vyatosha.