Kufunga si kuchomeka

Tukisema kisoma sidii "kimefungwa" kwenye kompyuta ya mezani ya zamani, tumetaja skrubu tu. Bado kuchomeka: waya wa umeme, waya wa data na, kwa vifaa vya IDE (kiunganishi cha data cha zamani), kijipini cha nyuma kinachopanga nani mkubwa nani mdogo vikiwa viwili kwenye utepe mmoja. Hitilafu nyingi hujificha hapo. Mafundi watasema kufunga hubeba yote. Kwao sawa, kwa mwanafunzi anayefuata maelekezo, hapana. Neno "kusakinisha" nalo limeshazoea programu, litampeleka kuhangaika na Windows kumbe waya umelegea. Kukiondoa kifaa nako kuna mpangilio: chomoa kwanza, fungua skrubu baadaye. Anayegeuza huvuta kifaa pamoja na waya wake.