Kutoka tembe la Gendabi hadi thamostati ya wifi

Leo sina habari za Bunge wala za ligi. Nina swali nililoulizwa, na limenipeleka mbali kuliko nilivyotarajia.

Kaka yangu wa ukoo, dereva wa malori ya masafa marefu kule Minnesota, Marekani, amenunua nyumba (hongera zake). Nyumba ina kitasa cha duara ukutani cha kuongozea joto, cha miaka mingi, naye anataka kukibadilisha. Ananiuliza anunue thamostati gani ya wifi. Anajua fika kwamba mimi ni mwandishi wa gazeti, si fundi, ila kwenye ukoo wetu mtu akishamaliza chuo kikuu anadhaniwa kujua kila kitu kuanzia mirathi hadi mashine ya kusaga.

Nilipomsimulia shangazi yangu wa Gendabi kwa simu, alicheka sana. Akauliza: "Wifi wa nani tena huyo, anayewasha moto kwenye nyumba ya mwenzie?"

Nilicheka na mimi. Lakini kadiri ninavyosoma historia ya kifaa hiki ndivyo ninavyoona kwamba shangazi ameuliza swali lenyewe hasa. Moto wa nyumba yako anaushika nani?

Kwa wasiopafahamu, Gendabi iko wilayani Hanang, kando ya Mlima Hanang, jirani na Katesh. Ukanda huu na Mbulu ulikuwa mkoa wa Arusha mpaka Manyara ilipoanzishwa mwaka 2002. Wako Wairaqw na wako Wabarabaig. Mlima wenyewe una zaidi ya mita 3,400, na Juni na Julai upepo unaoshuka kutoka kule juu hauna adabu. Watu wa Dar es Salaam wakisikia Tanzania kuna baridi hudhani tunatania. Waje walale Gendabi usiku mmoja wa Julai na shuka lao moja.

Sasa wazee walifanyaje? Kule Irqwar Da'aw, nyanda za juu za Mbulu ambako Wairaqw wengi wanahesabu asili yao, walichimba. Nyumba ya tembe ya Kiiraqw ya zamani ilikatwa ndani ya mteremko wa kilima, nyuma yake ikiwa ni kilima chenyewe. Juu ziliwekwa nguzo na magogo, halafu fito na matawi, halafu udongo wa kutosha. Paa lilikuwa bapa, na likishaota majani ungeweza kupita juu yake bila kujua kuwa chini wamelala watu. Sababu iliyoandikwa sana na watafiti ni usalama. Katika karne ya 19 Wamaasai walikuwa wakivamia ng'ombe, na nyumba isiyoonekana haivamiwi kirahisi. Jioni mifugo iliingia ndani humo humo na mlango ukafungwa.

Hiyo ni sababu ya vita. Mimi naona walipata na faida ya pili, na sidhani kama hawakuijua. Udongo hupoa polepole na hupata joto polepole. Ukishuka mita chache chini ya ardhi, joto halibadiliki sana mwaka mzima, linakaa karibu na wastani wa mahali pale. Kwa hiyo ukuta wa nyuma wa tembe ulikuwa haujui kama nje ni saa nane mchana au saa kumi za usiku. Ongeza ng'ombe. Mtu aliyepumzika anatoa joto kama la balbu moja ya zamani ya wati 100. Ng'ombe mmoja anatoa mamia ya wati. Zizi la ng'ombe wanane ndani ya nyumba ni jiko linalocheua usiku kucha, halihitaji kuni wala halizimiki. Tena joto hupanda, na ndiyo maana kulala kwenye dari juu ya mifugo lilikuwa jambo la akili.

Wahandisi watanipinga kwamba hiyo si thamostati. Thamostati ni lazima ihisi kisha ichukue hatua. Sawa. Basi aliyehisi alikuwa mama mwenye nyumba. Akisikia baridi anasogeza kigogo ndani ya mafiga, akisikia joto anakitoa. Kifaa kilikuwa ngozi yake, na hakuna aliyekiongoza kutoka mbali.

Msije mkasema nimeanza kuimba sifa za ujima. Moshi ndani ya nyumba isiyo na dirisha unaua mapafu. Kulala na mifugo kunaleta viroboto, na ghala la nafaka ndani linaleta panya. Mbulu imepata tauni hata katika karne hii, mwaka 2007. Mimi mwenyewe sitaki kurudi kulala juu ya ng'ombe. Nataka tu tujue tulikuwa na nini kabla hatujasema hatukuwa na kitu.

Haya, twende Ulaya. Mwanzoni mwa karne ya 17 alikuwepo Mholanzi mmoja aliyehamia Uingereza, Cornelis Drebbel, mtu wa mambo mengi, ndiye yule aliyetengeneza nyambizi ya makasia ikapita chini ya mto Thames. Huyu alitengeneza tanuri lililojiongoza lenyewe. Joto likizidi, kimiminika ndani ya mrija kinatanuka na kusukuma kifuniko kinachopunguza hewa ya moto. Moto unapungua wenyewe. Na moja ya kazi alizolipa tanuri lile unaijua? Kutotolesha vifaranga! Kwa hiyo ukimwona jirani yako wa leo ana mashine ya kutotoleshea mayai, ile inayotakiwa kukaa kwenye nyuzi 37 na nusu hivi, ujue Drebbel yumo ndani yake. Watanzania wengi wanaosema hawajawahi kuona thamostati wanayo kwenye pasi na kwenye friji.

Jina lenyewe lilikuja mwaka 1830. Andrew Ure, mkemia wa Scotland, aliunganisha vipande vya metali mbili zinazotanuka kwa viwango tofauti. Zikipata moto zinapinda, na kule kupinda kunafungua au kufunga kitu. Aliyafikiria matangi na vyumba vya viwandani, sio sebule ya mtu.

Sebule ilifikiwa kupitia darasani, na hapa ndipo hadithi inaponoga. Warren Johnson alikuwa mwalimu katika chuo cha ualimu cha Whitewater, Wisconsin. Majira ya baridi mhudumu wa jengo alikuwa anaingia darasani kila mara kuangalia kipimajoto, kisha anateremka chini kwenye tanuri kurekebisha. Fikiria unafundisha, mlango unafunguliwa, wanafunzi wanageuka, baridi inaingia, mlango unafungwa. Johnson akachoka. Akatengeneza kifaa cha umeme cha ukutani ambacho joto likibadilika kinapiga kengele kule chini kwa mhudumu. Hataza aliipata mwaka 1883, na miaka miwili baadaye kampuni yake ikaanza Milwaukee.

Angalieni vizuri kilichotokea pale. Mhudumu hakuondolewa. Aliyeondolewa ni mhudumu kuonekana. Yeye ndiye aliyeendelea kusogeza kifuniko cha tanuri, isipokuwa sasa alikuwa anaitwa kwa kengele badala ya kuja kuona na kuhisi mwenyewe. Mwaka 1885 huo huo, Albert Butz wa Minneapolis, mji ulioko Minnesota hiyo hiyo aliko kaka yangu, akamwondoa na mhudumu: kifaa chake kilifungua kifuniko cha hewa cha tanuri la makaa chenyewe, nyumba ikipoa, na kukifunga ikipata joto. Kampuni iliyotokana na kazi yake ndiyo iliyokuja kuwa Honeywell, na mwaka 1953 Honeywell ikaleta thamostati ya duara iliyochorwa na Henry Dreyfuss. Unazungusha duara, basi. Ilienea mno, na ndiyo hiyo iliyoko kwenye ukuta wa kaka yangu. Hata hapo bado mkono ulikuwa wa mwenye nyumba.

Wifi ndiye aliyebadilisha mambo. Miaka ya mwisho ya 2000 zilianza kuuzwa thamostati zilizounganishwa na intaneti, na ecobee ya Toronto ikiwa ya mbele kabisa. Mwaka 2011 ikaja Nest, ya Tony Fadell, aliyewahi kuongoza kazi ya iPod pale Apple. Hii ilikuwa inajifunza. Inakumbuka unapenda joto gani asubuhi, inajua umetoka, inajipunguza. Mwaka 2014 Google ikainunua kampuni nzima kwa dola bilioni 3.2. Jiulize, bilioni tatu na ushee kwa ajili ya kitasa cha ukutani? Hapana bwana. Kitasa kile kinajua saa unazoamka, saa unazotoka na siku ambazo nyumba haina mtu.

Januari 2016, katikati ya baridi, hitilafu ya programu ilimaliza betri za Nest kadhaa na watu wakaamka nyumba zimepoa. Juni 2021, wakati wa joto kali Texas, baadhi ya watu waligundua kuwa nyuzi za nyumba zao zimepandishwa kutoka mbali ili kupunguza matumizi ya umeme. Hawakuibiwa. Walikuwa wamejiandikisha kwenye mpango uliokuwa na zawadi ya bahati nasibu, na wengine hawakukumbuka hata kujiandikisha. Oktoba 2025 Google ikaacha kuzihudumia Nest za mwanzo, za 2011 na 2012. Bado zinageuzwa kwa mkono ukutani, lakini simu ya mwenye nyumba haiziongozi tena. Duara la 1953 halikumtegemea mtu aliyeko California.

Kwa hiyo nilimjibu nini kaka? Kwanza aangalie nyumba yake inapashwa na nini. Thamostati nyingi za wifi zimetengenezwa kwa ajili ya mitambo inayoongozwa na umeme mdogo wa volti 24. Kama ana hita za ukutani zinazokula umeme mkubwa moja kwa moja, akifunga hizi za kawaida anaharibu kifaa na anaweza kuwasha moto asiouomba. Halafu afungue lile duara, umeme ukiwa umezimwa, ahesabu nyaya. Nyingi zinahitaji waya mmoja wa ziada wa kuzilisha umeme wakati wote, na nyumba za zamani mara nyingi hazina.

Kuhusu kuokoa fedha asidanganyike na matangazo. Wizara ya Nishati ya Marekani yenyewe inasema ukipunguza nyuzi 7 hadi 10 za Fahrenheit kwa saa nane kwa siku, unaweza kuokoa hadi asilimia 10 kwa mwaka. Kazi hiyo inafanywa hata na mkono wa mtu asiyesahau, au kifaa cha bei ndogo kinachopangiwa saa, kisicho na wifi yoyote. Kama angekuwa mtu wa kulala nyumbani kila siku ningemwambia anunue hicho.

Lakini yeye yuko barabarani wiki nzima. Kule tanuri likizima Januari wakati nyumba ni tupu, maji yanaganda ndani ya mabomba na mabomba yanapasuka. Kwake kifaa cha kumpigia kengele akiwa kilomita 1,000 mbali kina maana, kama kengele ya Johnson. Basi achague kinachofanya kazi yote kwa kitufe cha ukutani intaneti ikikatika. Aulize kitahudumiwa miaka mingapi. Na kama kampuni ya umeme inampa kwa punguzo, asome masharti mpaka mwisho, hasa pale panaposema nani anaruhusiwa kugeuza nyuzi. Lile duara la zamani asilitupe jalalani, maana za aina ile nyingi zina zebaki ndani; alipeleke panapopokelewa taka za sumu.

Sisi wa Gendabi mkono uliohama ulikuwa mwingine. Novemba 6, 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na katika miaka michache iliyofuata watu wakapangwa. Nyumba ya kuchimbwa inachagua mteremko wake. Nyumba iliyopimwa kwa kamba kandokando ya barabara haina kilima cha kuegemea. Bati nalo likawa ndiyo alama ya mtu aliyeendelea. Lina sifa zake, halivuji na halina viroboto. Ila bati halihifadhi joto hata kidogo. Mchana linakukaanga, usiku linalitoa joto lote angani. Bila dari, nyumba ya tofali na bati ni ndoo iliyofunikwa.

Desemba 3, 2023 tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikapita Katesh, Gendabi na Jorodom. Walikufa watu zaidi ya 80. Kaya zilizopoteza kila kitu zilijengewa nyumba mpya zaidi ya 100 kule Waret, mbali na njia ya tope. Baada ya lile, sidhani kama kuna mtu wa Gendabi atakayetaka tena nyumba iliyokatwa kwenye mteremko wa mlima ule, na simlaumu. Lakini unene wa ukuta na udongo juu ya paa ni hesabu zinazoweza kuhamia tambarare. Hata dari ya mbao na tabaka la kuzuia joto chini ya bati linafanya sehemu ya kazi ileile.

Hapo ndipo ninapowaomba msaada. Wenye babu na bibi waliowahi kulala ndani ya tembe, Mbulu au Hanang, waulizeni mambo haya kisha mniandikie: udongo wa paa ulikuwa na unene wa shubiri ngapi, ndama walilala upande gani, moshi ulitokea wapi, na usiku wa Julai nani aliamka kusogeza kigogo. Shangazi anasema kwao alikuwa ni bibi yake, na kwamba ndama walilala karibu na mafiga. Unene wa paa haukumbuki.