Uavyaji Mimba: Kutoka kwa Rosa hadi kwa Sauna

Mtahiniwa akiulizwa kuhusu uavyaji mimba katika riwaya, aghalabu huandika "uozo wa maadili" kisha akapita. Jibu hilo halitoshi. Suala hili lina historia, na waandishi wetu waliandika wakiwa ndani yake.

Katika Rosa Mistika (1971), Euphrase Kezilahabi anamsawiri msichana anayetoa mimba na hatimaye kujiua. Riwaya hiyo ilipigwa marufuku kwa muda katika shule za Tanzania. Mjadala wake ni wa lawama: ni nani aliyemharibu Rosa? Ni yeye mwenyewe, au ni Zakaria, baba aliyemlea kwa kipigo?

Nchini Kenya, swali liligeuka mwaka wa 2010. Sheria ya adhabu tuliyoirithi kutoka kwa wakoloni ilikuwa imemwekea mwanamke anayeavya kifungo cha hadi miaka 7, na anayemtoa mimba hiyo hadi miaka 14. Katiba iliyopitishwa kwa kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti ilitamka, katika kifungu cha 26, kwamba uhai huanza mimba inapotungwa. Papo hapo ikaruhusu uavyaji pale ambapo mtaalamu wa afya anaona pana haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine ikiruhusu. Viongozi wengi wa makanisa waliipinga rasimu, kwa hili na kwa mahakama za kadhi. Kwao "afya" ulikuwa mlango mpana mno. Waliolitetea neno hilo walishikilia kwamba mama hapaswi kungoja hadi afike ukingoni mwa kaburi ndipo atibiwe.

Chozi la Heri ya Assumpta Matei ilitoka mwaka wa 2014. Sauna anatiwa mimba na babake wa kambo, na mamake anamsaidia kuiavya. Anayetetea kiumbe atauliza, kwa haki kabisa: kosa la Bwana Maya kilihusikaje nalo? Tena uavyaji huo ulifunika uhalifu. Anayemtetea msichana atauliza kama aliyenajisiwa anaweza kulazimishwa kuzaa, na hoja hii nayo ina uzito. Mwalimu asiharakishe kuamua mbele ya darasa. Huenda Sauna ameketi humo. Atakalosisitiza, nionavyo, limo katika matini: mama ndiye aliyetaka siri itunzwe, na binti ndiye aliyetoroka nyumbani.