Burmanopetalum

Burmanopetalum ni jenasi ya majongoo iliyotoweka, inayojulikana kwa jike mmoja tu aliyenaswa katika utomvu uliogeuka kaharabu, huko Myanmar, yapata miaka milioni 99 iliyopita. Ana urefu wa milimita 8.2. Pavel Stoev, Leif Moritz na Thomas Wesener walimweleza mwaka 2019, wakampa jina B. inexpectatum, yaani asiyetarajiwa. Hawakumpasua: walimpiga picha za eksirei kila upande, kompyuta ikaunda umbo lake kamili. Jicho lake lina vijicho vitano tu. Ametofautiana na jamaa zake wa oda ya Callipodida kiasi cha kuundiwa nusuoda yake mwenyewe, na alistahili.

Utomvu mgumu kama huo katika pwani ya Afrika Mashariki ni sandarusi, bidhaa kubwa ya Zanzibar katika karne ya 19. Nayo hunasa wadudu, ila mbele ya kaharabu ya Myanmar ni ya juzi. Lakini katika miamba ya Nzilo na Kolwezi, huko Kongo, kisukuku cha jongoo hakipatikani: iliundwa zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, kabla jongoo wa kwanza hajatambaa nchi kavu.