Ng'ang'a Si Nganga: Ritifaa na Simu Yako

Wasee, andikeni hashtegi ya jina Ng'ang'a pale X. Inashika Ng peke yake. Iliyobaki inaachwa nje kama abiria aliyepitishwa steji.

Simu haijaharibika, hiyo ni historia. Shule ya msingi tulifunzwa kwamba ng' ni sauti moja. Toa ritifaa na maana inahama: kung'oa ni kutoa kitu na mizizi yake, ngoa ni hamu.

Sasa, 1963 Wamarekani walitoa ASCII, orodha ya kompyuta yenye nafasi 128, iliyopangwa kwa mahitaji ya Kiingereza. Ritifaa ilipewa namba 39, katikati ya alama. 1991 ikaja Unicode, ikitaka kubeba maandishi ya dunia nzima. Humo kila kitu kina namba na pia aina yake: herufi, tarakimu, alama. Ritifaa ya kibodi iliwekwa kwa uakifishaji, pamoja na koma na nukta. Hashtegi ikiiona, inasimama.

Cheki majirani. Mwandiko wa Luganda uliokubaliwa 1947 una ŋ kwa sauti hiyo hiyo, na Unicode inaihesabu kuwa herufi kamili. Sauti ni moja, lakini ukivuka Busia inapata heshima tofauti. Kuna hata ritifaa nyingine, U+02BC, ambayo Unicode inaiita herufi. Kwa macho zinakaribia kufanana, lakini ile kibodi zetu za kawaida zinakupa ni 39.

Unaona ni mambo madogo? Jamaa yangu wa Kayole alijaza fomu ya mtandaoni, ikamwambia aweke herufi pekee. Akatoa ritifaa. Leo vyeti vyake vina majina mawili, na anatafuta pesa ya hati ya kiapo kuthibitisha kuwa yeye ni mtu mmoja.

Mimi siwalaumu waliopanga orodha peke yao. Unicode haijamkataza mtu kupokea ritifaa ndani ya jina. Sheria ya "A hadi Z pekee" huwekwa na anayetengeneza fomu, mara nyingi kwa kunakili tu.

Kwa hivyo wewe unayesomea programu hapo Umoja ama Buruburu, kabla uachilie fomu yako, ijaribu na Ng'ang'a, Nyong'o na Lang'ata. Ikizikataa, rekebisha fomu. Majina yako sawa.